Kuvua Wakiwa Hai

Somo: Luka 5:1–11



Tuliokwenda Boca Grande mwezi wa sita tulikuwa sita: wazee wawili, vijana watatu na muuguzi mmoja wa kubeba sanduku la dawa. Tangu turudi, akina mama wa kanisa wanatuuliza swali moja tu. Samaki yuko wapi? Jibu letu halijamridhisha yeyote: tumemwacha majini.

Kwa ambao hamjafika, Boca Grande ni mlango wa bahari huku kusini-magharibi mwa Florida, kati ya visiwa vya Gasparilla na Cayo Costa. Kina chake kinapita futi 70. Kuanzia mwezi wa nne na wa tano, maji yakipata joto, samaki aitwaye tarponi hupita kando ya pwani hii kwa makundi, na wengi hukusanyika mlangoni pale wale washibe kabla ya kwenda mbali baharini kutaga mayai. Maji ya bamvua yanapotoka kwa nguvu, kaa huchukuliwa na mkondo, na tarponi wanawangoja kama watu kwenye foleni ya chakula. Ni samaki wa fedha tupu, mwenye magamba makubwa. Wengine hupita paundi 150, na wapo wanaoishi zaidi ya miaka 50. Hupanda juu kumeza hewa, kwa sababu kibofu chake cha hewa hufanya kazi kama pafu. Sisi wa hospitali hilo lilitufurahisha kuliko ukubwa wake.

Tangu 2013, sheria ya jimbo hili inataka kila tarponi arudishwe, isipokuwa kwa mwenye kibali maalumu cha kutafuta rekodi. Tena akizidi inchi 40, hutakiwi hata kumtoa majini upige naye picha. Mzee wetu mmoja aliyekulia Uvira, aliyevua ndagala usiku kwa taa kwenye Ziwa Tanganyika, alimwuliza nahodha mara tatu kama amesikia vizuri. Tulipe pesa zote hizi, tumkamate, halafu tumwachie? Kwake samaki ni unga, ni ada ya shule. Hatukumcheka. Hata Petro angeuliza hivyo hivyo. Usiku ule aliofanya kazi bila kupata kitu hakuwa kwenye mchezo, nyumbani walimngojea.

Ndiyo maana inafaa tusome kwa makini kile Yesu alichomwambia baada ya nyavu kujaa, katika mstari wa 10. Tumezoea kusikia kwamba Petro angekuwa mvuvi wa watu, tukaona ni kazi ile ile, samaki tu ndio wamebadilika. Lakini neno la Kigiriki alilolitumia Luka, zogreo, ndani yake lina neno "hai". Ni kukamata kiumbe akiwa hai. Samaki wa Petro walikuwa wakifa mashuani. Watu hawa hawakutakiwa kufa mkononi mwake.

Sasa turudi baharini. Samaki wa kwanza alishika ndoano ya yule mzee. Tarponi akishaona amenaswa, huruka. Mwili mzima unatoka majini, anatikisa kichwa, matamvua yanapiga kelele kama bati. Nahodha akapaza sauti: "Inama! Mwinamie!" Maana yake, mvuvi ausogeze ufito wake kuelekea kwa samaki, ili mshipi ulegee kwa ule muda mfupi aliopo hewani. Majini uzito wake unabebwa na maji. Hewani unabebwa na mshipi peke yake. Mzee hakuinama. Alivuta, na mshipi ukakatika kama uzi wa kushonea. Akatuambia hajawahi kumwinamia samaki na hataanza leo.

Wa pili alimpata kijana wetu wa miaka kumi na saba. Yeye aliinama kila mara samaki aliporuka, na kila samaki aliporudi majini akakaza tena. Hakuuachia mshipi, hilo tusilipite haraka. Nahodha alimhimiza pia asivute kinyonge kwa saa nyingi, maana mvutano mrefu humchosha samaki hadi misuli yake inajaa tindikali, na mlangoni pale kuna papa wakubwa wenye kichwa kama nyundo wanaomngoja aliyechoka. Unaweza kumfikisha kando ya chombo, ukamfungua kwa upole, ukampungia mkono, naye akafa.

Wauguzi tunalijua hili. Mgonjwa wa pumu anayehema kwa kasi na kulalamika anatutia wasiwasi, lakini anayetukimbiza korido nzima ni yule aliyekuwa akihangaika kisha ghafla akatulia. Ndugu wanadhani amepata nafuu, kumbe nguvu za kupumua zimemwishia.

Wapendwa, mwaka jana kijana wetu mmoja, aliyekuwa akipiga kinanda, alisimama kwenye mkutano wa kanisa akasema mahubiri yetu hayaelewi, na kwamba tunawataka vijana kwa ajili ya kubeba viti tu. Alisema kwa ukali, hilo ni kweli. Aliruka. Nasi wa kamati, tunaoandika haya tukiwemo, tukavuta. Tulimjibu mbele ya watu wote, tukamwambia kwetu mtoto hasemi hivyo na wakubwa, tukamsimamisha kupiga kinanda kwa miezi mitatu. Miezi mitatu imepita mara kadhaa. Hajarudi.

Wengi tuna mtoto kama huyo nyumbani, na huko hatuvuti kwa nguvu. Tunavuta kidogo kidogo kila siku. Ujumbe wa simu asubuhi: umesali? Jioni: nywele hizo utanyoa lini? Miaka mitatu ya hivyo. Kisha mtoto anaacha kubishana, nasi tunamshukuru Mungu kwamba ametulia. Tumwangalie vizuri kabla ya kushukuru.

Yule tarponi wa pili alipofika kando ya chombo alikuwa amelegea. Nahodha alimshika taya la chini, akaliacha lile jitu majini, kichwa kikielekea mkondo, maji yapite kwenye matamvua. Chombo kilisogea polepole. Hakuna aliyezungumza. Kijana wetu aliweka kiganja chake ubavuni mwa samaki. Baada ya muda mkia ukaanza kupiga wenyewe, nahodha akafungua vidole, na yule mzee wa Uvira ndiye aliyesema "Asante Yesu" kwa sauti kuliko wote.

Jumatano jioni, baada ya zamu, wawili kutoka kamati tutakwenda kwa yule mpiga kinanda. Mzee amesema naye anakuja, hivyo tutakuwa watatu. Hatutabeba barua. Tutaanza kwa kumwomba msamaha, kisha tutakaa tumsikilize, hata akisema kwa ukali tena. Kinanda hatujampa mtu mwingine. Tuombeeni.