Fungu la Wanawake na Vikundi vya Kuwekeana Fedha

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Alhamdu lillahi, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu watu wa mwambao, wazee wetu waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, walipokwisha kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, walipumzika Tura, mwanzo wa nchi ya Wanyamwezi. Burton naye alipita hapo mwaka 1857. Hapo misafara ilipata nafaka, na nafaka hiyo ilitoka katika majembe ya wanawake pia. Misafara imekwisha, reli ilifika Tabora mwaka 1912, na jembe lingali mikononi mwao. Basi tusiwaseme kama watu tusiowajua.

Katika nchi ile mke hupalilia tumbaku, huchuma, hufunga majani. Kisha jina liandikwalo katika daftari la chama mara nyingi ni la mume, na mke huomba fedha ya sabuni. Ndipo wanawake wakaunda vikundi: hukutana kila juma, hununua hisa, hukopeshana, na sanduku lao lina kufuli tatu. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991. Kwetu yaitwa VICOBA. Mkopo mdogo hununua karanga wakati wa mavuno, zikauzwa bei ipandapo.

Wako wanaume wasemao kuwa vikundi vimewaharibu wake zao. Na wasome Suratu Nnisaa, aya ya 32, iliyowathibitishia wanawake fungu la walichokichuma. Wamkumbuke na Bibi Khadija, ambaye Mtume (s.a.w.) alikwenda Shamu na bidhaa zake. Nafaka na nguo za mke ni wajibu wa mume hata mke akiwa tajiri. Amwachiaye mkewe mzigo kwa kuwa ana hisa, amemdhulumu.

Lakini sitaficha aibu ya vikundi hivi, nayo ni riba. Husema, "Nyongeza hurudi kwetu wenyewe." La! Nyongeza hulipwa na mkopaji, na mgawo hufuata hisa. Basi mwenye shida humlisha mwenye nafasi. Upatu wa bibi zetu haukuwa hivyo, kila mtu alipokea alichotoa. Na ubaya zaidi ni mikopo iitwayo kausha damu. Nani alimsukuma mwanamke huko? Mara nyingi ni yule aliyemnyima posho.

Na wakopeshane bila nyongeza, faida waitafute kwa kununua mazao pamoja. Iko pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani ikiwa ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Nawe mwenye duka pwani, ununuaye asali na karanga za Tabora, waweza kuwapa mtaji kwa mudharaba: faida mgawane kwa mlivyopatana, na khasara isiyotokana na uzembe wao iwe juu ya mali yako.

Wallahu aalam.