Ruhusa ya Mvua

Familia itokayo Ujiji Ijumaa alasiri wakati wa masika, ikapita Kidahwe na kupanda njia ya Kasulu ili ikae siku mbili katika baridi ya vilima vya Buha, huliacha nyuma ziwa ambalo uso wake u kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kuingia katika ukungu ambamo mkulima wa maharage huita rizki kile kile ambacho abiria aliyecheleweshwa hukiita adha.

Wako wachaji wanaodhani kwamba starehe ya namna hii ni mghafala wa moyo. Mimi siafikiani nao. Fikihi ya Imamu Shafii, iliyofika Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19, imewaruhusu waumini waliokusanyika msikitini kujumuisha magharibi na isha kwa sababu ya mvua tu, ijapokuwa hawakusafiri. Na sheria iliyouhurumia mwili usilowe haiwezi kuwachukia wazazi waketio barazani na watoto wao.

Linalonitaabisha ni jingine: ni shukurani gani tuitoayo kwa mvua hii, ikiwa maji tuyafurahiayo huku juu huteremka kwa mito hadi ziwani, nalo, lilipofura mwaka 2020 na 2021, liliingia majumbani mwa watu wa mwambao? Mtume, watu wa Madina walipomshitakia mvua iliyokithiri, hakuomba ikome kabisa, bali aliomba iwaepuke wao na inyeshe vilimani na mabondeni. Basi aketiye kilimani na aiombee Ujiji dua hiyo kabla hajalala.