Je, Yafaa Kumdanganya Mtoto Aliyelazwa Hospitalini?

Wako wazazi wengi wasiothubutu kusema uongo sokoni wala barazani, lakini huusema bila ya haya kando ya kitanda cha mtoto wao mgonjwa. Humwambia, "Sindano haiumi," nayo yauma. Humwambia, "Naenda kununua maandazi, narudi sasa hivi," nao hawarudi mpaka kesho. Wakiulizwa, hujibu kwamba huo si uongo bali ni huruma. Basi na tuipime hoja hiyo.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Mwanangu alivunjika paja akiwa na umri wa miaka 5, akalazwa, mguu wake umefungwa na kuning'inizwa, hawezi hata kujigeuza. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, hivyo kumwuguza kukawa juu yangu. Jioni ya kwanza nikamuaga kwa hadithi hiyo ya maandazi, nikaenda zangu. Nilipofika asubuhi, alielekeza uso ukutani. Tangu hapo, hata nikiinuka kumletea maji tu, alinishika kanzu akalia. Neno langu lilikuwa limepoteza thamani kwake.

Huenda mtu akasema: "Lakini usiku ule alinyamaza." Naam, ila kunyamaza siko kutulia. Zamani hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa nadra tu, kwa kudhani kuwa kuonana huwasumbua wagonjwa. James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, aliwachunguza watoto hao, na mwaka 1952 akatoa filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa kwa siku 8. Alieleza kwamba mtoto mdogo aliyetenganishwa na mamaye kwanza hulia na kukataa. Kisha hukata tamaa. Mwishowe huonekana amezoea, kumbe moyo wake umejifunga.

Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote, na mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulala nao hospitalini. Tena mwaka 1988, katika mji wa Leiden, Uholanzi, vyama vya Ulaya vilitoa mkataba unaosema kwamba mtoto mgonjwa ana haki ya kuwa na mzazi wake wakati wote, na pia haki ya kuelezwa mambo yake kwa kadiri ya umri na ufahamu wake.

Kwetu Afrika Mashariki, mama kumwuguza mwanawe wodini ni jambo la kawaida, na hiyo ni neema. Lakini kuwapo bila ya ukweli ni nusu ya msaada. Je, ukweli hautamtisha mtoto? Hapa yafaa tupambanue. Si lazima kumwambia kila tunalolijua. Bali kila tunalomwambia liwe kweli. Kunyamazia jambo lililo juu ya ufahamu wake ni hekima. Kumdanganya ni kumwacha peke yake pamoja na maumivu ambayo hakuna aliyemtayarisha kuyapokea.

Kwa hiyo mwambie: "Itauma kidogo, nami nitakushika mkono." Akilia, usimwambie kwamba mwanamume halii. Ukilazimika kuondoka, muage waziwazi, hata kama atalia, na umtajie wakati anaoujua, kama vile wakati wa uji. Mwachie khanga ya mama yake aikumbatie. Bibi, shangazi na ndugu zake wakubwa wagawane zamu, ili anapoondoka mmoja awe amefika mwingine. Na zaidi ya yote, rudi kwa wakati ulioutaja.

Jioni iliyofuata nilimwambia mwanangu kwamba nakwenda kulala nyumbani na nitarudi na uji. Alilia sana, nami nikaondoka kwa uchungu. Asubuhi nikarudi na uji. Jioni ya nne aliniuliza tu, "Baba, utarudi na uji?" Nikamjibu, "Ndiyo." Akaiachia kanzu yangu.

Mtoto ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu, na imani ya mtoto kwa mzazi wake ni sehemu ya amana hiyo. Mfupa wa mwanangu uliungwa na madaktari; imani aliyoivunja baba yake, ilimpasa baba mwenyewe kuiunga.