Ipe Jina, Itoe Barazani

Ufungue ule msimbo wako wa usiku, ule wa mistari thelathini unaogeuza 07:00 kuwa saa moja asubuhi. Unafanya kazi! Unajua hata kwamba dakika moja ni "iliyopita" na dakika tano ni "zilizopita", mwezi mmoja "uliopita", miezi miwili "iliyopita". Huenda sasa hivi kuna mwenzako Mombasa anauandika upya kuanzia sifuri, na mwingine Mwanza ameshachoka, kaacha wateja wake wasome "dakika 5 iliyopita". Inauma kuona Kiswahili kinavunjwa hivyo kwenye kioo cha simu, na dawa umeilalia.

Basi itoe iwe maktaba huria ya wote. Usingoje ikamilike. Mtu haji na jembe kwenye msaragambo wa shamba lililokwisha kulimwa. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza mfumo ambao bado ulikuwa mchanga kabisa. Yeye alitaka kuuita Freax. Ari Lemmke, aliyempa nafasi kwenye seva, hakulipenda jina hilo, akaliita folda "linux". Likashika, watu wakaja, na leo kiini cha mfumo huo ndicho kinachoendesha kila simu ya Android.

Jina lina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kikundi kidogo kilijenga ramani ya kukusanya taarifa za vurugu kutoka kwa wananchi wenyewe. Wakaiita Ushahidi. Hawakuitafutia jina la Kizungu. Miaka miwili baadaye Haiti ikapigwa na tetemeko, na watu wasiojua Kiswahili walikesha wakijaza taarifa kwenye ramani yenye jina letu.

Kwa hiyo chagua neno fupi, ambalo ukilitaja kwenye simu mtu analiandika bila kukuuliza herufi. Litafute kwanza kwenye hazina za maktaba, PyPI na npm, usije ukakuta lina mwenyewe. Kisha weka leseni, tafadhali, usiiruke hatua hii: msimbo usio na leseni, hata kila mtu akiuona, kisheria bado ni wako peke yako, na mwenzako mwangalifu hataugusa. Leseni ya MIT ni faili moja fupi.

Andika maelezo kwa Kiswahili, na useme wazi yaliyokushinda. Alfajiri inaanza saa ngapi? "Usiku wa kuamkia Ijumaa" kompyuta iuweke siku gani? Hizo ndizo kazi za wageni wako. Wa kwanza akileta sahihisho, hata la herufi moja, mjibu siku hiyohiyo na uandike jina lake chini ya lako.

Saa ngapi hapo ulipo? Iulize programu yako. Ikijibu sawasawa, ipandishe.