Mwizi na Deni la Pili

Kijana wa Kinjumbi akirudi likizo Kilwa akasema kwamba anasomea shahada ya pili katika elimu ya uhalifu, wazee hawakosi kumwuliza: "Mwizi ni mwizi, mwanangu. Hapo pana nini cha kusoma hata umri ukupite chuoni?"

Swali hili lisichekwe. Ndani yake mna hofu ya haki kabisa: kwamba msomi akishaeleza sababu za wizi, mwizi atapata pa kujificha, na aliyeibiwa gunia lake la korosho atabaki mikono mitupu.

Hebu tuitazame habari ya Sayyidna Umar (R.A.), ambayo wengi tumeisikia misikitini. Yapokewa kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu, wakamchinja. Umar alikaribia kuwakata mikono, kisha akatambua kwamba bwana wao alikuwa akiwashindisha na njaa. Akamwuliza mwenye ngamia thamani yake, akaambiwa dirhamu 400. Akamwamuru Hatib alipe 800. Je, hapo wizi ulihalalishwa? La hasha! Mwenye mali alilipwa, tena maradufu. Kilichoongezeka ni mdaiwa ambaye hakuna aliyemtazamia.

Kumtafuta mdaiwa huyo ndiyo kazi ya elimu hii, na ni kazi tunayoiruka upesi. Sheria yetu ya mwaka 1963 ya kiwango cha chini cha adhabu ilitoa, pamoja na kifungo, viboko 24: 12 mtu aingiapo gerezani na 12 kabla ya kutoka. Viboko vikaondolewa mwaka 1972, vikarudishwa mwaka 1989. Tulibishana juu ya fimbo tu.

Leonard Shaidi, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 aliutafuta uhalifu wa Tanzania Bara katika historia na uchumi wa nchi, si katika tabia ya mtu peke yake. Haja ilikuwapo. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1983, Sheria ya Nguvu Kazi ilimfanya asiye na kazi mjini kuwa mtu wa kukamatwa na kurudishwa shamba. Pwani yetu ya kusini, ambayo vijana wake wamezoea kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, ina sababu ya kuuliza: mtu akifukuzwa mjini, huko anakorudishwa ameandaliwa nini?

Sasa turudi kwenye lile gunia la korosho. Tuseme kijana amepalilia shamba la tajiri msimu mzima, akanyimwa ujira wake, naye akaiba kwa jirani. Gunia lirudi kwa jirani, hilo halina mjadala. Lakini yule tajiri, kesi inaposikilizwa barazani, kwa nini yeye apewe kiti cha mbele pamoja na wanaohukumu?