Hatari Ndogo Nayo ni Amana



Liko swali ambalo huonekana dogo mpaka siku linapobisha hodi mlangoni kwako. Tabibu anajua kuwa tiba yake ina hatari. Hatari yenyewe ni ndogo, na akiitaja anaogopa mgonjwa atashikwa na khofu. Je, kunyamaza kwake ni huruma au ni khiyana?

Tulipime swali hili kwa maradhi tunayoyaona majumbani: mishipa ya miguu iliyovimba na kujisokota chini ya ngozi kama kamba. Yafaa kwanza tufahamu asili yake. Moyo husukuma damu mpaka miguuni, lakini kuirudisha juu ni kazi ya misuli ya vigimbi. Mtu akitembea, misuli hiyo huikamua mishipa ya vena, na ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini. Vilango vikilegea, kwa kurithi, kwa umri, kwa mimba au kwa kusimama muda mrefu, damu hutuama, mshipa hupanuka, mguu huwa mzito, na mwisho ngozi ya kifundo huweza kufanya kidonda kisichopona upesi.

Nenda Mbinga, katika milima ya Umatengo, umtazame mama anayelima ngoro kwenye miteremko au anayechuma kahawa. Teremka mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, umtazame anayeanika usipa mchangani tangu asubuhi. Kazi yao ni ya miguu, na mguu ukiuma riziki nayo huyumba. Wala usiseme, hao wako mbali nasi. Misafara ya Kilwa ilifika ziwa hilo karne ya kumi na tisa, na ng'ambo yake, Nkhotakota, watu wa pwani walifanya maskani. Leo tumeoana nao na kufanya biashara nao, na mgonjwa wao akiletwa Dar es Salaam mara nyingi hufikia katika nyumba zetu. Jirani na mgeni wana haki zao, wawe Waislamu au wasiwe.

Zamani tiba kubwa ilikuwa kupasua na kuung'oa mshipa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imekuja njia ya mwanga wa leza. Uzi mwembamba huingizwa ndani ya mshipa mbovu, tabibu akiufuatilia kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Pembeni mwa mshipa hutiwa dawa ya ganzi, kisha joto la leza huufunga, na damu hupita katika mishipa mingine iliyo mizima. Mgonjwa hutembea na kurudi nyumbani siku ile ile. Hapana shaka hii ni neema, na mwenye kupata njia ya kuitumia amshukuru Mola wake.

Lakini joto hilo hilo linaloufunga mshipa mbovu huweza kugandisha damu pale unapoungana na vena kubwa ya ndani ya mguu. Donge likikua, au likijifanya katika vena za ndani za kigimbi, kipande chake huweza kukatika, kikapanda na kuziba mishipa ya mapafu. Hapo ndipo penye mauti. Majumuisho ya uchunguzi yaliyochapishwa mwaka 2018, juu ya wagonjwa zaidi ya 16,000 waliofungwa mishipa kwa joto, yalionyesha kuwa karibu watu 14 katika 1,000 donge lao lilichungulia katika vena kubwa, karibu 3 katika 1,000 walipata donge katika vena za ndani, na karibu mtu 1 katika 1,000 lilimfika mapafuni.

Basi hapa watu hugawanyika. Wako wasemao: kwa nini umtishe mama wa watu kwa jambo la mtu mmoja katika elfu? Mtibu, mwambie ni salama, aende zake. Maneno haya yana sura ya huruma, lakini tuyachunguze.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta umaji chini. Muuzaji akatoa udhuru kuwa mvua imeinyeshea. Mtume akamtaka aiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, na akaonya juu ya mwenye kughushi. Tazama, ndugu yangu: huenda nafaka nyingi ilikuwa kavu. Kosa halikuwa kuwepo kwa umaji, kwani mvua si ya muuzaji. Kosa lilikuwa kuufunika. Sisi watu wa pwani, wafanya biashara tangu mababu, tunajua kuwa mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana haki ya kuirudisha. Je, mguu wa mwanadamu una haki ndogo kuliko pishi ya mchele? Na mguu haurudishwi dukani.

Mafakihi wamesema kuwa tabibu hujitenzia salama kwa ujuzi wake na kwa idhini ya mgonjwa. Lakini idhini ni nini? Aliyekubali asilolijua hakukubali, amenyamazishwa tu. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa mwenyewe, naye ndiye atakayeulizwa. Maradhi haya mara nyingi hayaui. Kwa hiyo mgonjwa ana nafasi ya kupima: avumilie kwa soksi za kubana na mazoezi, au atibiwe sasa. Hawezi kupima ikiwa upande mmoja wa mizani umefunikwa kitambaa.

Ama hoja ya mtu mmoja katika elfu, ni kweli kuwa waliobaki 999 wataona neno lile lilikuwa la bure. Lakini huyo mmoja ni nani? Tabibu hamjui, mgonjwa hajijui, anayejua ni Mwenyezi Mungu peke yake. Na kwa kuwa hajulikani, haki yake imo katika haki ya wote. Huwezi kumwonya yeye ila kwa kuwaonya wote elfu.

Na onyo hilo si la kutia khofu bure, kwani lina kazi. Mwenye kujua hatari huulizwa, naye husema kweli: kama aliwahi kupata donge la damu, kama ana mimba au anatumia vidonge vya kuzuia mimba, kama ana saratani. Tabibu akijua hayo huweza kuahirisha, au kumpa dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye kujua hatari hatalala kitandani siku tatu. Atatembea kama alivyoagizwa, na atavaa soksi zake ikiwa ameandikiwa. Akiona mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi imebana ghafla, kifua kinachoma, akakohoa damu, hatangoja kupambazuke. Atakwenda hospitali saa ile ile.

Mfikirie mgonjwa wa Mbamba Bay. Kutoka Dar es Salaam mpaka kwao ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Iringa, Njombe na Songea. Safari ya zaidi ya saa nne ya kukaa kitako, iwe kwa basi au kwa ndege, yenyewe huzidisha hatari ya damu kuganda. Asipoambiwa, atatibiwa leo na kesho alfajiri atapanda basi, vigimbi vyake vimekunjwa mchana kutwa. Akiambiwa, atauliza angoje siku ngapi, na njiani kila basi lisimamapo atashuka anyooshe miguu. Neno moja la tabibu lina thamani kama dawa.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana si haki kumlaumu tabibu peke yake. Ni mara ngapi tabibu husema na mume au kaka, naye akirudi chumbani humwambia mgonjwa, usiwe na wasiwasi? Mguu ni wa mwanamke, na yeye ndiye atakayeuhisi ukivimba usiku. Tumemfunikia rundo kwa jina la mapenzi. Tena hufika mgonjwa katika nyumba zetu, tukamheshimu kwa kumlaza, asiguse hata kikombe. Na mguu ukianza kuvimba, bibi mmoja mwenye nia njema huleta mafuta aukande. Kukanda mguu wenye donge huweza kulikata donge lile likasafiri. Wema usio na elimu umewahi kudhuru kuliko uadui.

Yuko naye asemaye: liloandikwa halifutiki, maonyo ya nini? Huyu akumbuke mafundisho aliyoyapokea Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Akumbuke pia Sayyidna Umar (R.A.) aliporudi njiani kwa khabari ya tauni ya Sham, akafahamisha kuwa kuiepuka kadari moja ni kuiendea kadari nyingine ya Mungu yule yule. Kutembea baada ya tiba ni kumfunga ngamia.

Itakuwaje basi ikiwa mgonjwa ataogopa na kukataa tiba? Dawa ya khofu ni kuitimiza kweli, si kuificha. Mwambie hatari, mwambie na udogo wake, mwambie na njia ya kujikinga, kisha mwache aamue. Akikataa baada ya hayo amekataa kwa elimu. Na akikubali, kisha likamfika lililomfika, hatakuwa na la kumwambia tabibu wala jamaa zake ila kuwaombea dua.

Ndugu Msomaji, ukiwa na mgonjwa, mwingize yeye mwenyewe kwa tabibu, na aulize kwa ulimi wake: tiba hii ina hatari gani, ishara zake ni zipi, nisafiri lini? Naye asifiche hali yake, kwani amana ni ya pande mbili. Nawe uliye tabibu, au jamaa uliyepewa neno ulifikishe, tia mkono ndani ya rundo, na kilicholowa ukiweke juu.

Wabillahi tawfiq.