Kama hadaiwi, athibitishe?

Baada ya swala ya Isha, barazani, mtu analalamika: "Fulani kala milioni mbili zangu." Fulani anakana. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Kabla kahawa haijapoa, watu wamekwishahukumu: "Kama hadaiwi, athibitishe!"

Ndugu zangu Waislamu, kauli hiyo inaipindua haki. Wengi hudhani kuwa mtu kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitike ni jambo la kesi za jinai tu, za wizi na mauaji. Lakini hata katika madai, fiqhi ina kanuni mashuhuri, bara'at al-dhimma: asili ya mtu ni kutokuwa na deni shingoni. Anayedai kinyume chake ndiye alete ushahidi. Anayekana, ikikosekana bayana, huapa. Mtume (SAW) alitufunza kuwa lau watu wangepewa kwa madai matupu, wangedai damu na mali za wenzao.

Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, iliiweka kanuni hii katika kifungu cha 8. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 nayo humtwika mzigo anayedai. Tofauti na jinai, hapa si lazima shaka yote iondoke. Yatosha upande mmoja uwe na uzito zaidi.

Hekima yake iko wazi. Aliyekopesha anaweza kuandika na kuita mashahidi. Asiyekopa atathibitishaje kwamba hakukopa?

Utauliza: na mkopeshaji mkweli asiye na shahidi? Kweli, huenda akapoteza haki yake, na inauma. Ndiyo maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqarah 282, inatuamuru kuandikiana deni. Sisi twaona haya kuandikiana na ndugu, lakini hatuoni haya kumvunjia heshima barazani.

Nawe unayekana, usishangilie mapema. Mtume (SAW) alionya kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na anayekatiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Kanuni hii imetuzuia sisi tusikuhukumu bila ushahidi. Haikukuhalalishia mali ya mtu. Kadhi atakuacha uende kwa kiapo chako. Kama deni lipo, utaondoka nalo shingoni mpaka Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.